Kazi za teknolojia: mbona vijana wetu huangushwa na adabu?

Nyaya za chini ya bahari zinazoiletea Kenya intaneti huibukia hapa hapa Mombasa. SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na tangu hapo zimeongezeka nyingine. Lakini kazi zilizozaliwa na nyaya hizo zilipanda bara. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, Google ikatangaza chake mwaka 2022, na kampuni ndogo ndogo zimejazana huko huko. Sisi tulibaki na mitaro iliyochimbwa barabarani.

Hilo la ofisi kuwa Nairobi ni la siasa na lina siku yake. Leo nazungumzia jambo lililo karibu zaidi na mikono yetu. Kijana wa Kisauni, wa Ukunda au wa Malindi akishaitwa kwa mahojiano ya kazi ya kuandika programu, anakwenda kukutana na nini? Na kwa nini wengi hurudi mikono mitupu ilhali kazi yenyewe wanaijua?

Nimekaa upande wa wahoji kwa miaka kadhaa, na nimewaona wa kwetu wakija na kuondoka. Nitasema ninavyoona, na atakayekasirika anisamehe: mara nyingi hawaangushwi na ujuzi. Wanaangushwa na adabu tuliyowalea nayo.

Kwanza njia yenyewe ilivyo. Wasifu wako ukipita, utapigiwa simu na afisa wa kuajiri, dakika ishirini au thelathini. Huyo si mhandisi. Anataka kujua kama unaeleweka, kama unajua kampuni inafanya nini, na unatarajia mshahara gani. Kisha utatumiwa mtihani wa mtandaoni wenye saa inayokimbia, saa moja au moja na nusu. Ukipita hapo unaingia kwa wahandisi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kama dakika arubaini na tano. Google iliwahi kuchunguza rekodi zake za kuajiri ikakuta kwamba mahojiano manne yanatosha kuamua juu ya mtu kwa uhakika wa asilimia 86, na yanayozidi hapo hayaongezi la maana. Ndiyo maana ukiambiwa una mahojiano ya saba kwa kazi ya mwanafunzi aliyemaliza juzi, una haki ya kuuliza hawa wanatafuta nini hasa.

Na yale mafumbo ya kuuliza mipira mingapi inaingia kwenye basi, yasahau. Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa wafanyakazi wa Google, alikiri hadharani mwaka 2013 kwamba hayakutabiri chochote. Kampuni inayouliza hayo bado inaiga mtindo ambao wenyewe wameshautupa.

Sasa tuje kwa wahandisi, maana hapo ndipo wetu wanapozama.

Chukua swali la kawaida. Unapewa orodha ya bei na kuambiwa: tafuta bei mbili ambazo jumla yake ni shilingi 1,000. Kijana wa kwetu husoma swali, huinamisha kichwa, hunyamaza dakika kumi, kisha huandika jibu. Jibu linafanya kazi. Anakosa nafasi. Akitoka nje anasema wamemnyima kwa sababu ya jina lake au kwao. Wakati mwingine ni kweli, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi wa namna hiyo. Lakini mara nyingi kilichotokea ni kwamba mhoji alikaa dakika kumi akitazama utosi wa mtu, na mwisho wake hakuwa na la kuandika kwenye karatasi yake.

Mhoji hakuwa anasubiri jibu. Jibu analijua. Alitaka kusikia safari. Alitaka kijana aulize: bei hizi ni ngapi, kumi au elfu kumi? Zinaweza kujirudia? Kama hakuna mbili zinazofaa, nirudishe nini? Kisha aseme: njia rahisi ni kulinganisha kila bei na kila bei nyingine. Kwa bei kumi hakuna shida. Kwa bei 10,000 ni jozi karibu milioni 50, kwa hivyo programu itajikokota. Mchuuzi wa Marikiti hafanyi hivyo. Yeye hupita mara moja tu, na kila bei anayoiona huiweka akilini. Akifika kwenye 350 hujiuliza, je, 650 nimeshaiona? Kompyuta nayo ina namna ya kuweka vitu na kuvipata papo hapo. Ukipita mara moja kazi imekwisha. Aliyeyasema hayo kwa sauti, hata akakosea mstari mmoja wa msimbo, huwa ameacha nyuma mambo mengi mema ya kuandikwa. Aliyenyamaza akapatia ameacha jibu tupu.

Na sisi tumewafundisha kunyamaza. Mbele ya mkubwa hubabaiki kwa maneno. Unafikiri kwanza, unasema kilichokomaa. Hiyo ni adabu nzuri barazani na msikitini. Kwenye chumba kile inasomeka kama mtu asiye na mawazo.

Kuna la pili. Mhoji atasema, nieleze kazi uliyoifanya ukajivunia. Hapa ndipo "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza" inapotugharimu. Kijana husema "tulitengeneza", "tulisaidia", "kulikuwa na mfumo". Umtafute yeye mwenyewe ndani ya hadithi humpati. Nilimsikiliza mmoja akieleza mfumo wa kuhifadhi rekodi za zahanati, na robo saa nzima nilidhani alikuwa mtazamaji. Ikaja kudhihirika kwamba alikuwa ameuandika peke yake, usiku, kwa laptopu ya kuazima. Aliona aibu kusema "mimi". Kampuni haiajiri "sisi". Inataka kujua wewe uliamua nini, kwa nini hukuchukua njia nyingine, na matokeo yalikuwa yepi. Kueleza ulichokifanya si majivuno, ni ushahidi. Kadhi akikuuliza ulichokiona huwezi kumjibu "kulionekana".

La tatu ni dogo lakini limeharibu mengi. Mhoji anauliza, hii ungeimaliza kwa muda gani? Kijana anajibu "Inshallah wiki mbili." Sisi tunamwelewa: ameahidi na amemtaja Mola wake. Aliye upande wa pili wa skrini, mtu wa London au wa Bangalore, anasikia mtu anayejipa mlango wa kutokea. Sisemi mtu aache kusema Inshallah, hasha. Aseme, kisha aongeze hesabu: siku tatu za kuelewa data, nne za kuandika, mbili za kujaribu, moja ya akiba. Hesabu ikiwepo hakuna atakayeitilia shaka ahadi yake.

Na kuna kuitana majina. Kampuni hizi mkurugenzi huitwa jina lake la kwanza, na kijana aliyelelewa kumwita kila mkubwa "bwana" au "mwalimu" ulimi humkwama. Hilo halimwangushi mtu, lakini humfanya ahisi mgeni tangu dakika ya kwanza. Ajizoeze tu.

Kisha lugha. Mahojiano ni ya Kiingereza, na wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili hata tukiwa na shahada mbili. Ushauri ninaoutoa huwashangaza watu: zoea kueleza kwa Kiswahili kwanza. Mkalishe dada yako au rafiki ambaye hajui programu, umweleze swali la zile bei mbili mpaka aelewe. Ukishaweza hivyo, Kiingereza ni kubadilisha nguo tu. Wengi hufanya kinyume. Wanakariri majibu ya Kiingereza kutoka kwenye video, mhoji akigeuza swali kidogo wanabaki uchi.

Kwa nafasi za juu kuna mahojiano ya usanifu wa mifumo, na hapo sisi tuna faida tusiyoijua. Utaulizwa: tengeneza mfumo wa kutuma pesa kwa simu. Nani anaijua shida hiyo kuliko mtu aliyekulia na M-PESA tangu 2007? Umebonyeza kutuma, mtandao ukakatika ukiwa katikati ya kivuko cha Likoni, hujui kama pesa zimekwenda. Unabonyeza tena. Je, zitatoka mara mbili? Jibu la kihandisi ni kwamba kila ombi hupewa namba yake ya pekee kabla halijaondoka kwenye simu, na mtambo ukiona namba ileile mara ya pili haukati pesa tena, hurudisha tu matokeo ya ile ya kwanza. Kijana wa California hulisoma hilo kitabuni. Wa kwetu amelionja. Lakini lazima aliseme, na aanze na ile hadithi ya kivuko badala ya kukimbilia kuchora visanduku.

Mambo haya yote yanageuka wakati huu tunapozungumza, na hapo pana la kutia wasiwasi. Akili bandia sasa huandika msimbo wa mwanafunzi wa mwaka wa pili bila kutoka jasho, na waombaji wameanza kuitumia kwa siri katikati ya mahojiano ya video. Kampuni zimeshtuka. Mwaka 2025 Sundar Pichai, mkuu wa Google, alisema watarudisha angalau awamu moja ya ana kwa ana. Nyingine zinaruhusu akili bandia wazi wazi, kisha zinakuuliza kwa nini umekubali mstari huu na si ule. Kwa njia zote mbili, anayejua kueleza mawazo yake kwa sauti ndiye anayebaki. Aliyekariri amekwisha.

Ila kurudi ana kwa ana kuna gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawa. Wa Nairobi hupanda matatu. Wa Mombasa hulipa treni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi daraja la chini, tangu nauli ilipopanda Januari 2024, na bado hajapata pa kulala. Wa Lamu ndiyo usiseme. Vijana wengi niliowauliza hawajui kwamba kampuni kubwa huwalipia nauli waombaji waliofika awamu ya mwisho. Hawaulizi, tena kwa adabu ile ile. Uliza. Swali hilo huulizwa kwa afisa wa kuajiri, kabla ya kukata tiketi, na halijapata kumharibia mtu.

Neno juu ya matapeli, kwa sababu wazazi wananiuliza. Hakuna kampuni ya kweli inayomtoza mtu pesa za mahojiano, za mafunzo ya kabla ya kazi wala za "usajili". Na kazi ya kompyuta ya ng'ambo inayokupa tiketi ya ndege kabla hujaulizwa swali hata moja la maana, ogopa. Wakenya walioitikia kazi za namna hiyo wamejikuta Myanmar kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni, pasipoti zimechukuliwa, na serikali yetu ikalazimika kuhangaika kuwarudisha. Ugumu wa mahojiano niliyoyaeleza hapo juu ni aina ya dhamana. Anayekuchuja kwa wiki tatu anakusudia kukulipa. Kama ni wakala wa kazi za nje, jina lake litafutwe kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Si kazi zote zenye jina la teknolojia ni nzuri, vilevile. Wale wasimamizi wa maudhui waliokuwa Nairobi wakichuja picha za Facebook kupitia kampuni ya Sama walipelekana mahakamani na waajiri wao kuanzia mwaka 2022, wakisema hawakuelezwa sawasawa ni mambo gani watakayoyatazama kila siku. Kwa hivyo mwisho wa mahojiano ukiambiwa "una swali?", usiseme hapana kwa heshima. Uliza siku ya kazi inaanzaje na inaishaje. Uliza aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako alikwenda wapi. Jibu la swali hilo la pili, na muda wanaochukua kulijibu, hukueleza mengi.

Sasa niwageukie wenye uwezo. Mafunzo mengi ya kompyuta niliyoyaona Pwani huishia kwenye cheti na picha ya pamoja. Cheti hakimfundishi mtu kuzungumza huku anafikiri. Kumbi tunazo: Swahilipot pale karibu na Fort Jesus, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Chuo Kikuu cha Pwani Kilifi. Wahandisi wa kwetu walio Nairobi na Ughaibuni pia tunao, na wengi huja nyumbani Idi. Siku mbili za Idi, meza kumi, kila meza mhandisi mmoja, kila kijana aulizwe swali la kweli kwa dakika arubaini na tano na aambiwe ukweli papo hapo. Haihitaji bajeti ya kaunti wala hotuba ya mgeni wa heshima. Inahitaji chai, ubao na watu kumi wenye subira. Mimi meza moja naichukua.