Dawa ya Deni ni Kulipa: Wazee wa Gusii Wanaidai Serikali

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni hotuba, wala blanketi, wala picha ya mheshimiwa akimkabidhi ajuza pakiti ya unga mbele ya kamera. Nayakumbusha haya kwa sababu katika kaunti zetu mbili za Gusii, Kisii na Nyamira, yameota mizizi mazoea mabaya ya kuigeuza haki ya wazee kuwa sadaka ya wakubwa. Mzee akipewa, huambiwa ashukuru. Asipopewa, huambiwa avute subira. Nasi tulio wana na wajukuu wao tumekuwa hodari wa kupiga makofi pale tulipopaswa kudai hesabu.

Tuanze na sheria, maana asiyejua anachodai halipwi. Katiba tuliyoipitisha Agosti 2010 inasema katika kifungu cha 57 kwamba serikali itachukua hatua ili wazee waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, na wapate matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Kifungu cha 43 kinaongeza kwamba asiyeweza kujikimu atapewa na serikali hifadhi ya jamii. Kifungu cha 260 kinamtaja mzee kuwa ni mtu aliyepita umri wa miaka 60. Basi deni limeandikwa, mdai anajulikana, na mdaiwa anajulikana. Kilichobaki ni kuuliza linalipwaje.

Mpango wa kuwapa wazee pesa ulianza kwa majaribio kati ya mwaka 2006 na 2007. Mwaka 2017 ukatangazwa kupanuliwa, chini ya jina tunalolijua sote la Inua Jamii, ili umfikie kila aliyetimiza miaka 70 asiyekuwa na pensheni. Jambo jema, na aliyelianzisha anastahili sifa. Lakini kiasi chenyewe ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kimekaa hapo hapo kwa zaidi ya miaka 10 huku bei ya kila kitu ikipanda. Gawanya kwa siku 30 uone: ni kama shilingi 66 kwa siku, pesa zisizotosha kununua pakiti moja ya unga wa kilo mbili. Wenzetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi kutoka mfuko wa serikali yao, na baadaye wakakipandisha kiasi hicho hadi 50,000. Uchumi wao haufikii wetu, lakini waliona bei zimepanda wakaongeza. Sisi tumeona, tukanyamaza.

Hata hizo 2,000 hazina tarehe. Mara nyingi hulimbikizwa, zikaja za miezi kadhaa kwa mkupuo, na mwezi usiokuwa na malipo mzee hukopa dukani kwa ahadi asiyoweza kuitimiza. Kwa miaka mingi imekuwa hivi: siku malipo yanapotangazwa, omongina, yaani bibi kizee, wa miaka 80 huamka alfajiri, akapandishwa bodaboda na mjukuu, kitambulisho kimefungwa kwenye pindo la leso. Afikapo benki mjini anakuta foleni imezunguka jengo. Zamu yake ikifika anaambiwa aweke kidole kwenye mashine, na mashine inakikataa, kwa kuwa miaka 60 ya kushika jembe na kuchuma majani chai imekisugua kidole kikawa laini. Anaambiwa arudi siku nyingine. Nauli ya kurudi ni juu yake, na nauli ya kuja tena ni juu yake pia. Karani hana kosa, maana mashine ndiyo imekataa. Chifu hana kosa, maana si yeye anayelipa. Wizara iko Nairobi. Mzee amefika mbele ya serikali, lakini serikali yenyewe hakuikuta.

Tuangalie na walioachwa nje. Daftari la 2017 lilipofungwa, waliotimiza miaka 70 baada ya hapo walisubiri miaka kadhaa mpaka usajili mpya ulipofunguliwa. Na yule aliye kati ya 60 na 70, ambaye Katiba inamwita mzee, Inua Jamii haimtambui kwa umri wake. Je, kwa hiyo miaka 10 atakula nini? Hakuna aliyetujibu kwa sababu hatujauliza kwa sauti ya kusikika.

Kwenye afya, Jedwali la Nne la Katiba linaikabidhi kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali zake. Hapo Nairobi haisingiziwi. Mzee wa presha au wa kisukari anahitaji dawa kila siku, na dawa ikikosekana zahanati ya wadi yake, atatumwa akanunue kwenye duka la dawa kwa zile zile 2,000. Tangu Oktoba 1, 2024 tumehama kutoka bima ya zamani ya NHIF hadi Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya tumeahidiwa bila malipo kwa aliyesajiliwa. Ila kwa matibabu ya hospitali kubwa, asiye na mshahara anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua shilingi 3,600. Mkulima wa ndizi mwenye miaka 75 azitoe wapi? Oktoba 2025 serikali ya kitaifa ilitangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Vyema. Basi tuambiwe, wadi kwa wadi: Kisii wako wangapi? Nyamira wako wangapi? Nani aliwachagua, na kwa kipimo gani? Ahadi isiyokuwa na orodha haina wa kuikagua.

Nitagusa jambo chungu, kwa kuwa makala ya wazee wa Gusii yakilikwepa yatakuwa ya unafiki. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa katika vijiji vya Kisii kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, miaka 13 baadaye, wanawake wanne wakongwe waliuawa Marani kwa madai yale yale. Mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna shamba, na penye shamba kuna mtu anayengoja kurithi. Vijana waliobeba viberiti wana dhambi yao, na mahakama ndiyo mahali pao. Lakini usalama ndio huduma ya kwanza ambayo serikali inamdai mwananchi kodi kwa ajili yake. Mzee anapotishwa mara ya kwanza, mzee wa kijiji anajua, naibu wa chifu anajua, na majirani wanajua. Nani huandika taarifa? Nani huifuatilia? Kabla ya moto kuwashwa huwa kuna wiki za minong'ono, na wiki hizo ndizo kipimo cha serikali iliyo karibu na watu.

Serikali kuwa karibu ndiyo iliyokuwa maana ya ugatuzi ulioanza 2013. Fimbo ya mbali haiui nyoka, tuliambiwa, kwa hiyo fimbo ililetwa karibu: Kisii ikapata wadi 45 na Nyamira 20, kila moja ikiwa na mwakilishi wake. Tumeona ukaribu huo unavyotumika. Pale Keroka, mji uliokalia mpaka wa kaunti hizi mbili, serikali zetu zimezozana miaka na miaka kuhusu ni ipi yenye haki ya kutoza ushuru wa soko. Mama anayetandika gunia na kupanga ndizi na mboga zake anajua kuwa wanaomtaka shilingi zake wapo, tena wako pande mbili. Mama huyo huyo akizeeka, akashindwa kufika sokoni, sijasikia Kisii na Nyamira zikigombana kuhusu ni ipi yenye haki ya kumtunza.

Wala hatuwezi kusema kwamba watu wetu hawajui kuwajibisha viongozi. Machi 2024 Seneti iliidhinisha kuondolewa kwa aliyekuwa naibu gavana wa Kisii, Robert Monda, miongoni mwa mashtaka likiwemo dai, alilolikana, kwamba alipokea pesa za mtu aliyetafuta kazi katika kampuni ya maji ya Gusii. Nyamira nako, bunge la kaunti limeleta hoja za kumng'oa Gavana Amos Nyaribo mwaka 2023, 2024 na 2025, na ile ya mwisho ikafika Seneti ikatupwa. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Nauliza tu: ni lini mlisikia hoja ya kumng'oa mtu kwa kuwa zahanati haikuwa na dawa ya presha miezi mitatu? Nguvu ya kuuliza tunayo. Tumeiacha itumike pale kiti kinapogombewa, na hoja ya mzee haina kiti cha kugombea.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba kumtunza mzazi ni kazi ya watoto wake. Kweli tupu, na mwana anayejenga ghorofa mjini huku mama yake analala kwenye nyumba inayovuja hana la kujitetea mbele ya ukoo. Lakini Katiba imetaja familia na serikali pamoja, na deni la mmoja halifuti deni la mwenzake. Isitoshe, wako wazee waliozika watoto wao wote, na wako wanaolea wajukuu yatima. Wengine wana vijana wasio na kazi, kwenye vishamba vilivyogawanywa mpaka havigawanyiki tena. Tuwaambie nini hao?

Jibu la pili ni kwamba pesa hazipo. Huenda. Lakini asiye na pesa hufungua daftari lake watu waone. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti za kila kaunti kila mwaka, na kifungu cha 229 kinawataka wabunge wa kaunti wazijadili ndani ya miezi mitatu baada ya kuzipokea. Kaunti inayotaka tuamini umaskini wake na ituoneshe kwanza safari, marupurupu, na miradi iliyolipiwa ikaachwa nusu. Baada ya hapo tutazungumza kama watu wa nyumba moja.

Sasa tufanye nini? Nasema na wewe msomaji, uwe Ogembo au Ekerenyo, Suneka au Nyansiongo. Kwanza, fika kwenye baraza la chifu ukaulize mambo matatu, kila mwezi, bila matusi: wazee wangapi wa lokesheni hii wako kwenye daftari la Inua Jamii, wangapi wanasubiri, na malipo yajayo ni lini. Ukijibiwa "tutafuatilia", andika tarehe na jina la aliyejibu.

Pili, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la mwananchi ndani ya siku 21. Uliza zahanati yako ilipokea dawa gani robo iliyopita. Barua yenye muhuri wa kupokelewa humsumbua afisa kuliko makelele ya siku nzima barabarani, kwa kuwa makelele hayawekwi kwenye faili.

Tatu, jua kalenda ya pesa. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Anayelalamika Agosti amechelewa. Vikao vya maoni ya wananchi visiachiwe wanakandarasi na wapambe wao. Mpeleke omogaka, yaani mzee wa kiume, akazungumze mwenyewe, naye apewe kiti cha mbele.

Nanyi viongozi, hatuwaombi miujiza. Wahudumu wa afya ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba, na posho yao ya shilingi 5,000 huchangiwa nusu kwa nusu na serikali ya kitaifa na ya kaunti. Wapeni jukumu la kumtazama kila mzee aliye peke yake, wapeni fomu ya kuripoti njaa, ugonjwa na vitisho, na mtaje afisa mmoja wa kila wadi atakayeulizwa fomu hizo zimefanyiwa kazi gani. Bandikeni kwenye ukuta wa kila zahanati orodha ya dawa zilizoingia na zilizokwisha. Na nyinyi wabunge na maseneta wa Gusii mlioko Nairobi, pigeni kura kiasi cha Inua Jamii kipande bei zinapopanda, na siku ya malipo iwekwe kama ilivyowekwa siku ya mshahara wenu.

Agosti 2027 uchaguzi utatukuta. Magari yatapanda milima yetu yakiwa yamebeba leso na sukari, na wazee wetu watapangwa mstari wapewe mkononi. Wapokee, njaa haina heshima. Lakini wewe mjukuu uliye nyuma ya mstari huo, nyanyua mkono umuulize mgombea mbele ya watu: wazee wa miaka 60 hadi 70 utawafanyia nini, dawa ya zahanati hii itafika kila lini, na mzee akitishwa atampigia nani? Akijibu, yaandikwe, na mwaka unaofuata asomewe maneno yake mwenyewe kwenye baraza. Asipojibu, mrudishie sukari yake na kura usimpe.