Risala ya Wakazi wa Macalder Kuhusu Barabara na Usafiri Kabla ya Ujenzi wa Nyumba za Bei Nafuu

Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Migori, maafisa wa Idara ya Nyumba, nanyi wasimamizi wa barabara na wa mazingira mliofika hapa:

Sisi wakazi wa Macalder na vijiji jirani nyumba tunazitaka. Mwalimu au muuguzi akihamishiwa huku kwetu Nyatike huhangaika kupata chumba cha maana, na kila aliyeajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Hatuwezi kuchangia kisha tukatae matunda. Lakini mpango tuliosomewa barazani uligusia usafiri kwa sentensi moja, kwamba eneo linafikika kwa barabara iliyopo. Barabara iliyopo sisi tunaijua.

Simameni kandokando yake asubuhi ya siku ya soko. Bodaboda inakuja na magunia ya mawe ya dhahabu yaliyofungwa kwa mpira wa tyubu, mzigo umekijaza kiti mpaka dereva amekalia tangi. Nyuma yake tipa limebeba mabaki ya mgodi, linapiga honi lipewe njia. Pembeni mtaro umezibwa, na juu yake zimewekwa meza za nyanya. Kwa hiyo mama mwenye beseni la omena kichwani hana pa kukanyaga ila barabarani, akiligeuzia tipa mgongo, na watoto wa shule wanamfuata mmoja mmoja. Hali ndiyo hii, na hakuna hata msingi mmoja uliochimbwa.

Ndiyo maana tunadai tathmini kamili ya athari za usafiri, ifanyiwe hapa Macalder na ikamilike kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa. Hesabu zisinakiliwe kutoka mradi wa Nairobi. Mtaalamu wa mjini huanza na magari ya wapangaji: kila nyumba gari ngapi, maegesho mangapi. Akitumia kipimo hicho hapa atapata magari machache, ataandika kwamba athari ni ndogo, na karatasi itapigwa muhuri. Mpangaji wa Macalder atatoka kwa miguu au kwa bodaboda. Mtoto ataenda shule, mama ataenda sokoni na kliniki, baba atawahi matatu ya Migori, na bodaboda iliyompeleka mmoja itarudi kumchukua mwingine. Safari hizo zote zina uzito barabarani, na ndizo zinazoua. Nchi yetu hupoteza zaidi ya watu 4,000 kwa ajali za barabarani kila mwaka, na wengi wao ni watembea kwa miguu na watu wa pikipiki. Wahesabiwe basi wanaotembea, pikipiki, punda, mikokoteni na malori ya mawe, kwa wiki nzima yenye siku ya soko ndani yake, wakati shule zimefunguliwa. Tena hesabu irudiwe msimu wa mvua.

Kuhusu mvua tunasema kwa uchungu. Aprili na Mei 2024 Mto Kuja ulivunja kingo zake na familia za Nyatike ya chini zikahama makwao. Udongo wetu mweusi ukishalowa, njia za ndani hazipitiki, na mjamzito hubebwa kwa kitanda hadi gari lilipokwama. Mkiongeza mapaa na sakafu za saruji, maji yatakimbia kwa kasi kuliko sasa na yatatafuta njia. Mitaro na kalvati ziingie kwenye mchoro wa usafiri tangu mwanzo, na tuonyeshwe gari la wagonjwa litaifikiaje hospitali ya Macalder siku ya mafuriko.

Lipo na jambo ambalo mgeni hawezi kulijua kwa kuangalia juu ya ardhi. Mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966, na tangu hapo wachimbaji wadogo hawajaacha kuchimba. Chini yetu kuna mapango. Malori ya kokoto, nondo na saruji yatakayotoka Migori kupitia Masara yasipangiwe njia kabla ardhi haijapimwa na ramani ya mashimo haijawekwa hadharani. Wakati wa ujenzi malori hayo yasipite saa watoto wanapoingia na kutoka shuleni, na vumbi limwagiwe maji kila siku kwa gharama ya mkandarasi.

Kila kipande cha barabara kiandikwe ni cha nani: cha kaunti, au cha mamlaka za kitaifa za barabara, yaani KeNHA, KURA au KeRRA. Bila hivyo, shimo likitokea mwananchi atazungushwa ofisi kwa ofisi. Njia ya miguu, mitaro, matuta mbele ya shule, taa na steji ya bodaboda na matatu nje ya barabara viwe masharti ndani ya kibali chenyewe, vikamilike kabla ya mpangaji wa kwanza kupewa ufunguo. Asituambie mtu kwamba fedha hizo hazihusiani na nyumba. Sheria ile ile ya 2024 inaruhusu ada yetu itumike pia kwa miundombinu inayoambatana na nyumba.

Ripoti itakapokuwa tayari, iletwe kwa chifu, na ufafanuzi wake utolewe kwa Dholuo na Kiswahili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kuipata. Baraza la kuijadili lifanyike hapa, si Migori mjini, na siku yenyewe isiwe ya soko, maana wanaoumizwa na barabara hii siku hiyo wako kazini. Kibali kikitolewa bila haya, tutakata rufaa mbele ya Kamati ya Uratibu ya kaunti chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja tarehe ambayo hesabu ya barabarani itaanza na ofisi itakayoisimamia.

Ni sisi, wakazi wa Macalder.