Usiku wa Msituni Usifutwe

Kuna hoja inayozunguka hapa shuleni tangu muhula wa pili. Ati ile safari ya miguu ambayo Chama cha Kiswahili hufanya pamoja na Chama cha Mazingira katika msitu wa milima ya Nyandarua iwe ya kutwa tu: twende alfajiri, turudi jioni, kila mtu alale kwao. Wanaotoa hoja hii ni watu tunaowaheshimu, na sababu zao ni tatu: hatari, gharama na wasichana. Nimewasikiliza kwa makini na bado napinga. Ukiondoa usiku, umeiondoa safari yenyewe.

Hebu tutazame safari ya kutwa hutupa nini. Basi hufika ukingoni mwa msitu yapata saa nne. Hapo kuna majani chai, kisha mikaratusi na misonobari iliyopandwa kwa mistari. Mkitembea kwa saa mbili, tayari mwalimu anatazama saa yake, mgeuke mrudi. Na hapo ndipo msitu wa asili unapoanza! Mitarakwa na miti ya podo iko mbele, na juu zaidi kuna mianzi iliyosongamana hata jua halipenyi. Kurudi hapo ni sawa na kubisha hodi mlangoni pa mwenyeji kisha ukakimbia.

Darasani sote huimba kwamba misitu ni chemchemi ya maji. Mtihani tunapita, lakini ni wangapi wanaoelewa? Tulipolala huko mwezi wa Agosti halikunyesha hata tone. Usiku ukungu uliteremka, na kabla ya mapambazuko tukasikia ta! ta! ta! juu ya hema. Yalikuwa maji ya ukungu ulionaswa na majani na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini. Udongo wa huko ni laini kama godoro. Huyanywa maji hayo pamoja na ya mvua, kisha huyaachilia polepole. Ndiyo maana vijito vya mabondeni hutiririka hata wakati wa kiangazi. Vijito kama hivyo ndivyo vinavyouzaa mto Thika, unaojaza bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka wa 1994, ambako jiji la Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake. Thika nao huingia Tana, na maji ya Tana huzungusha mitambo ya stima huko Masinga na Kiambere kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Anayefika saa nne hukuta majani yamekwisha kauka, akaenda zake bila kuona lolote.

Sasa hoja ya hatari. Ni kweli, ipo. Kuna ndovu na nyati, kuna baridi kali, na mito hujaa ghafla. Lakini hatari hupunguzwa kwa maarifa, si kwa kujifungia nyumbani. Sisi tulitanguliwa na askari mwenye bunduki anayeijua njia. Tulifunzwa kutolala na nguo zilizolowa. Tulifunzwa pia kutopiga hema kando ya mto hata mahali pakiwa tambarare na pa kupendeza, kwa sababu mvua yaweza kunyesha juu mlimani huku kwako nyota zinaonekana, na maji yakakukuta usingizini. Je, somo hili ni la msituni tu? Tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya kupambazuka, maji yaliteremka kwa kishindo karibu na Mai Mahiu yakaua makumi ya watu, wengi wakiwa wamelala. Sisemi marehemu hao walikosea. Maji yale hayakuwapa nafasi. Nasema kwamba wengi wetu tunaishi mabondeni, na kijana anayejua tabia ya maji usiku ni faida kwa kijiji kizima.

Kuhusu gharama, sioni kubwa iliyoongezeka. Hema tuliazima. Chakula kilikuwa githeri na ugali, vile vile tunavyokula nyumbani. Kinachomeza pesa ni basi, nalo litalipwa hata tukirudi jioni.

Na wasichana je? Mimi ni msichana, basi niruhusiwe kusema. Tulikuwa na walimu wawili wa kike, hema zetu zilikuwa upande wetu, na zamu ya ulinzi ilikuwepo hadi asubuhi. Msichana huyo huyo hutumwa mtoni saa kumi na moja alfajiri, peke yake, mtungi mgongoni, na sijasikia mkutano wa wazazi ukiitishwa kwa ajili hiyo. Kama ni usalama wetu unaotafutwa, basi tuanzie hapo.

Mwisho, tukumbuke kwamba sisi ni wa shule ya kutwa. Kengele ya jioni ikilia, kila mtu hushika njia yake. Nimekaa dawati moja na mwenzangu tangu Kidato cha Kwanza, lakini ni kule tu nilikojua kwamba anaogopa giza, na kwamba hata akiogopa ataamka kukushikia tochi ukitaka kutoka nje. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sisi dhiki hiyo tutaipatia wapi, ikiwa saa kumi na moja jioni kila mtu yuko kwao?

Kwa hivyo nawaomba wazazi na walimu wetu: kanuni ziongezwe. Kila mzazi atie sahihi barua, tusizidi wanafunzi 30, na asiye na sweta na koti la mvua abaki. Tutazifuata zote. Lakini usiku ule mmoja, tafadhali, tuachieni.