Staa kala chips Bukoba, sasa kosa la nani?

Staa mmoja wa kike wa Bongo, jina kapuni, alitua Bukoba kwa ajili ya harusi ya rafiki yake. Alikaa siku tatu. Ziwa kalipiga picha, upepo kausifia, gauni la sherehe likatrendi. Siku ya kuondoka akatupia stori moja iliyoharibu kila kitu: sahani ya chips, paja la kuku lililokauka, na maneno kwamba Bukoba kuzuri jamani, ila kwenye kula wamefeli.

Wahaya wa mitandaoni wakawaka wikendi nzima. Wapo waliomwita mshamba, wapo waliomwambia abaki Dar na baga zake. Na watani wa siku zote hawakuiachia nafasi hiyo, wakawachokoza nshomile kwamba wamesoma mpaka wamesahau kupika.

Katikati ya matusi hayo kulikuwa na komenti moja ambayo haikupata hata laiki kumi. Dada mmoja mwenyeji aliandika kuwa hata yeye akienda likizo kwao hali hotelini, anakula kwa bibi yake.

Kesi yote iko hapo. Bukoba inajua kula, na mtu yeyote aliyelelewa na ndizi za Kihaya hahitaji kuambiwa. Ila chakula chenyewe kinaishi majumbani na kwenye mabanda yasiyo na kibao. Mgeni anakitafuta saa mbaya, sehemu mbaya, na kwa swali baya. Na mwenyeji naye, badala ya kumwonyesha, anakificha.

Tuanze na saa. Staa alitoka saluni, akapumzika, akashuka kula saa tatu usiku kwenye hoteli ya kando ya ziwa. Kwenye menyu ndizi zilikuwepo, tena mwishoni kabisa. Mhudumu akamwambia hizo mpaka uagize asubuhi. Akaona anazungushwa, kumbe kaambiwa ukweli mtupu. Ndizi na maharage ya Kihaya si kitu cha dakika ishirini. Maharage yanatangulia motoni mpaka yalainike. Ndizi mbichi zinamenywa, zinapangwa juu nzima nzima, kitunguu na nyanya chungu vinafuata, mwenye samli anaweka samli. Kisha sufuria inafunikwa kwa majani ya mgomba na moto unapunguzwa. Ukivuka Mutukula, Waganda wanazifunga kwenye majani, wanazipika kwa mvuke halafu wanaziponda. Wahaya wanaziacha nzima, laini lakini zimejishika, na mchuzi wa maharage umeingia mpaka ndani.

Mama lishe anayepika hivyo anaamka alfajiri. Saa sita mchana chakula kiko tayari, na kufika saa nane sufuria imebaki majani. Sasa mtu anayeingia saa tatu usiku anategemea nini? Atakula kilekile kinacholiwa saa hiyo kuanzia Kibaha mpaka Kahama. Chips.

Ila mwenye hoteli naye asijifiche nyuma ya saa. Wenye hoteli wengi wa pale ni watoto wa nyumbani. Jumapili wanaenda kijijini kwao, wanakaa chini, ndizi zinapinduliwa kwenye majani ya mgomba na ukoo mzima unakula pamoja. Jumatatu wakirudi mjini wanaamini mgeni wa Dar atajisikia vibaya akiletewa ndizi na maharage. Kwao hicho ni chakula cha kila siku, hakina heshima ya mgeni. Heshima wameipeleka kwenye kikaango.

Na hapo ndipo panapochekesha, maana ndizi za Kagera zinasafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka masoko ya Dar, na watu wanazigombania. Staa huyohuyo ameshaposti ndizi nyama za Sinza zaidi ya mara moja, na moyo mwekundu juu yake. Kafika zilikozaliwa, kaletewa chips.

Angalia Zanzibar walivyofanya. Jioni ikiingia, Forodhani inajaa meza, urojo, mishkaki, pweza, miwa inakamuliwa, na mgeni anakula chakula cha mtaani huku miguu iko mita chache kutoka baharini. Hakuna aliyeona aibu kumpa mzungu urojo. Bukoba ina ufukwe, ina upepo, ina sato na sangara wa ziwa lenyewe. Jioni ukitembea ufukweni utapata bia baridi na muziki mkubwa. Ukiulizia ndizi na samaki unatazamwa kama umeulizia dawa.

Sasa kuna mchekeshaji mmoja, naye jina kapuni, aliyekuwa mji huohuo wiki hiyohiyo. Huyu alipanda bodaboda saa sita mchana. Hakumuuliza kijana wa boda "wapi kuna chakula kizuri?", maana swali hilo jibu lake linajulikana: atakupeleka kwenye geti kubwa, hata kama mwenyewe hajawahi kukanyaga ndani. Alimuuliza, "Wewe leo unakula wapi?" Kijana akacheka, akageuza pikipiki.

Wakaishia kwenye banda la mabati jirani na soko. Mabenchi mawili, hakuna menyu, moshi wa kutosha. Wanaokula: wapagazi, fundi viatu, madereva wawili wa Hiace, na nesi aliyevaa sare yake. Mama akauliza jambo moja tu, na samaki au bila samaki? Jamaa alikula akaongeza. Bili yote ilikuwa ndogo kuliko chips za staa, na ndani yake kuna ya kijana wa boda.

Huo ndio ufundi wote wa kutafuta sehemu ya kula kwenye mji usioujua. Nenda mchana. Muulize mtu anakula wapi yeye. Angalia waliokaa kabla ya kuangalia kibao. Dereva wa masafa hawezi kula chakula kibovu kila siku, tumbo lake ndilo ajira yake. Ndiyo maana hata Muleba, anayeshuka stendi anapata chakula cha maana kuliko anayezunguka kutafuta pa kupigia picha. Pale wanashuka watu wa Kamachumu, Nshamba, na wengine wana safari ndefu ya kurudi kata za ndani kama Ngenge. Mtu mwenye safari hiyo mbele yake hali kwa mbwembwe. Anataka ndizi za kushiba, na mama anayempunja leo hatamwona tena.

Wanaomtetea staa wana hoja moja ya maana, nayo ni usafi. Wanasema yeye anaishi kwa ratiba, akiumwa tumbo shoo imekufa. Sawa. Yapo mabanda ambayo maji yake yanatia mashaka, na kusema ukweli huo si dharau. Lakini mwaka 2023, Marburg ilipoingia Kagera, kunawa mikono kukawa jambo la kufa na kupona, na mama lishe wanaojielewa hawakuiondoa ndoo ya maji na sabuni ugonjwa ulipoisha. Mgeni aitafute hiyo ndoo. Aangalie kama chakula kinatoka motoni au kimepoa toka asubuhi. Ndizi inayochemka chini ya majani ni salama kuliko kuku aliyekaangwa mchana akapashwa usiku, hata kama huyo kuku kaletwa kwenye sahani nyeupe yenye kitambaa.

Kuna kitu kingine ambacho ugomvi wa mtandaoni haukukigusa. Ndizi nzuri siku hizi si za kumwaga. Tangu mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko ulipoingia migombani Kagera, familia nyingi zimeng'oa migomba iliyopandwa na babu zao. Ndizi zikipungua, bei inapanda, na mama lishe anapika sufuria moja badala ya mbili. Kwa hiyo zikiisha saa nane, mama hana maringo. Kapika alichoweza kununua.

Na hapa mchekeshaji, ambaye mpaka sasa anaonekana shujaa, naye ana lake. Alirekodi video. Akasema banda liko wapi, kwa upande gani wa soko, ulizia mama fulani. Video ikatembea. Wiki iliyofuata vijana wakaanza kumiminika na simu mkononi. Wapagazi wakafika saa saba wakakuta sufuria imekwisha, wakaondoka na njaa. Hilo lingevumilika, biashara ni biashara, na mama alistahili kila shilingi. Tatizo ni wale waliofika wamechelewa, wakachungulia sufuria tupu, wakauliza, "Mama, chips huna?"

Akiulizwa mara moja atacheka. Akiulizwa mara kumi kwa siku atapiga hesabu. Viazi havina mnyauko wa migomba, havihitaji kuamka saa kumi alfajiri, na vinakaangwa mteja akiwa amesimama. Mwezi mmoja baadaye mtu mmoja aliyepita pale alisema kwenye kona ya banda kuna karai la mafuta na ndoo ya viazi vilivyomenywa. Sufuria ya ndizi bado ipo, ila imekuwa ndogo.

Hivyo ndivyo mji unavyopoteza chakula chake bila mtu yeyote kukusudia. Staa kadharau, mwenye hoteli kaona aibu, mashabiki wamekuja na swali la chips, na mama kafanya hesabu yake ya halali kabisa. Ukimlaumu staa peke yake utakuwa umemaliza hasira tu, karai liko palepale.

Dawa iko ndani ya uwezo wa kila mmoja wao. Mwenye hoteli aiweke ndizi juu ya menyu, apike sufuria moja kila siku, na mhudumu amwambie mgeni asubuhi, "Dada, mchana kuna ndizi na maharage, tukuwekee?" Mgeni akifika Novemba au Desemba, msimu wa senene, aletewe senene waliokaangwa mezani bila kuulizwa, na kahawa ya kutafuna ya kuagana. Wanaoposti waposti, ila wafike saa sita na waagize kilichopo. Wakikuta zimekwisha, waseme "nitarudi kesho mama", basi. Neno hilo peke yake lina faida kwa mama kuliko laiki elfu.

Na staa wa harusi? Inasemekana kaalikwa tena Bukoba mwisho wa mwaka. Aje. Ila safari hii asishuke kula saa tatu usiku, na huyo rafiki yake aliyeolewa aache kumtelekeza hotelini. Ampeleke kwa bibi.

Haya wadau wa Kagera, mgeni akishuka stendi ya Bukoba au Muleba saa sita mchana leo, mnampeleka akale wapi? Semeni mtaa tu. Jina la mama mwachieni mwenyewe.