MALKIA WA BURE

 

Vijana wetu wanacheza chesi kwenye simu, na wazazi wananiuliza, "Pasta, huo mchezo si dhambi?" Jibu langu ni hapana. Kule Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, Robert Katende alianza kufundisha watoto chesi mwaka 2004 akiwa katika huduma ya Kikristo, na uji akiwapa. Hapo ndipo alipotoka Phiona Mutesi, akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya chesi, na filamu ya maisha yake ikatoka 2016. Mungu hutumia hata ubao.

Tena ubao huo una somo. Kuna mtego wa mwanzo wa mchezo unaoitwa kwa jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18. Mchezaji anaondoa farasi wake na kumwacha malkia wazi kabisa. Malkia ndiye mwenye nguvu kuliko wote! Mpinzani anaona bahati imemwangukia, anamla. Hapo askofu anampiga mfalme wake, mfalme anakimbilia nafasi moja tu iliyobaki, farasi wa pili anaingia. Mchezo umekwisha kwa hatua saba, na malkia wa bure bado yuko mkononi.

Mpendwa, shetani hatumii chambo kibaya. Soma Mwanzo 25. Dengu za Yakobo zilikuwa chakula kizuri, na njaa ya Esau ilikuwa ya kweli. Kilichomponza ni kutazama bakuli bila kuuliza hatua inayofuata.

Sasa nije nyumbani. Miembe ikiwa bado maua, broka anafika na pesa taslimu. Karo inadaiwa, mtoto amerudishwa nyumbani. Unauza mti mzima kwa bei ya maua. Embe zikiiva, unasimama chini ya mwembe wako mwenyewe ukitazama wengine wakipakia lori. Si kila broka ni mwovu, lakini bei ya maua ni malkia wa bure.

Kwenye mtego ule kulikuwa na njia ya kutokea. Mpinzani angemwacha malkia na kumla farasi aliyesogea, angepoteza askari mmoja tu na mchezo ungeendelea. Kukataa chambo kunauma kidogo. Kukimeza kunamaliza mchezo.

Na hapa nasema na kanisa, nasema kwa upendo. Tukimwambia mama asiuze maua, halafu tunamwacha peke yake na barua ya shule, tumehubiri nusu. Mwenye njaa hawezi kungoja kwa maneno matupu. Maoni yangu ni haya: kila ushirika wa nyumbani uwe na mfuko wa karo. Tuchange kidogo kidogo wakati wa mavuno, tukopeshane bila riba wakati wa maua. Hiyo ndiyo Matendo 2 kwa vitendo.

Wiki hii, kabla hujaweka sahihi au kubonyeza "kubali" kwenye mkopo wa simu, uliza swali moja: baada ya hapa, yeye atacheza nini?

Baba, tupe macho ya kuona hatua ya pili, na mikono ya kumshika jirani asiuze kwa njaa. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, kisha mtumie mwenye mwembe. 🙏