Shemeji yenu na gurudumu la mbele

Mwezi uliopita niliwaahidi tutaongea kuhusu wakwe. Naomba wakwe wasubiri kidogo, maana nyumbani kwangu kulitaka kuwaka moto, na chanzo chake ni gurudumu la baiskeli.

Si utani. Tunaishi Ngara na shemeji yenu ana ugonjwa wa baiskeli. Sio zile Phoenix zinazopanda mlima na mikungu ya ndizi, hapana. Yake ni ya mbio za kushindana na saa, ile unayoinamia usukani kama unataka kupiga mbizi. Tangu Septemba 2025, tulipovuka Rusumo kwenda Kigali kuangalia mashindano ya dunia, ya kwanza kufanyika Afrika, hajatulia. Siku ile Remco Evenepoel wa Ubelgiji alimkamata na kumpita Tadej Pogačar aliyetangulia kuondoka, kwenye kilomita 40.6 za vilima. Nilishangilia na mimi. Sikujua kelele zile zingeniletea hasara.

Basi bwana, siku moja akanipa simu yake nimtumie fundi pesa, nikakutana na meseji ya bei. Gurudumu la mbele, ringi ya kaboni yenye kina cha milimita 80. Karibu pesa yetu yote ya kiwanja! Na alikuwa hajaniambia neno. Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikamwambia, haya, nieleze mwenyewe, linafanya nini?

Akanieleza vizuri tu. Ukikimbia kwa kasi, nguvu nyingi inaishia kusukuma hewa, na mwendo ukiongezeka mara mbili, hewa inakupinga mara nne. Ringi yenye kina inapita hewani kwa ulaini kuliko ringi nyembamba na spoki ndefu, na gurudumu la mbele ndilo linaloanza kukutana na upepo. Nikaelewa. Nikamuuliza, na upepo wa ubavuni je?

Akanyamaza. Gurudumu la nyuma limefungwa kwenye fremu, upepo ukilisukuma baiskeli inayumba kidogo tu. La mbele linageuka na usukani, kwa hiyo upepo unakushikia usukani wako. Na wewe umelalia viwiko, mikono imebanana katikati, breki ziko mbali. Upepo wa kudumu unaweza kuuegemea. Ule wa ghafla ndio unaotupa watu, hasa wepesi, na shemeji yenu ana kilo 58 akiwa ameshiba.

Sasa anafanyia mazoezi wapi? Barabara kuu ya Rusumo, pande za Benaco na Lukole. Wengi mnaijua Lukole kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyokuwepo miaka ile. Kambi ilishafungwa, lakini malori hayajakwisha: semitrela za kwenda na kutoka Rwanda. Likikupita, kwanza linakusukuma, halafu linakuvuta.

Tukakubaliana ajaribu kabla ya kununua. Rafiki yake akatuazima la milimita 80, na Jumapili asubuhi nikawa nyuma yake na gari, taa za hatari zinawaka. Kilomita za mwanzo alikuwa anapaa, nakiri, alipendeza. Halafu semitrela likatupita. Nikaona gurudumu linakwenda kushoto, likarudi kulia kwa nguvu, na mume wangu anaingia katikati ya lami. Nilipiga honi sijui kwa nini. Akanyanyuka, akashika breki, akasimama pembeni. Alipokuja dirishani mikono ilikuwa inatetemeka.

“Mke wangu, nimeogopa.”

Jamani! Miaka saba ya ndoa na Mhangaza huyu, sijawahi kulisikia neno hilo. Hata ile hasira ya meseji ikaniishia palepale, ingawa nilimkumbusha jioni.

Tumechukua la milimita 50, mtumba, bei haifiki nusu ya lile. Sekunde kadhaa atazipoteza, ndiyo, na nimemwambia nitazidai mimi. Hilo la 80 akilitaka sana aweke nyuma, siku kiwanja kikiwa na hati. Wenzangu mnaochagua kwa kuangalia picha, pimeni kwanza uma wa baiskeli yenu unapokea ekseli gani, na tairi lisizidi upana wa ringi, vinginevyo faida ya hewa mnaitupa wenyewe.

Na vali! Hapo tulipigwa wote wawili. Gurudumu limefika Alhamisi, tyubu zote za madukani hapa zina vali fupi, haichungulii hata upande wa pili wa ringi. Vali ndefu tumeagiza, na baiskeli inaning’inia sebuleni bila upepo. Wakwe wanafika wiki ijayo, wataikuta hapohapo juu ya kochi.