Karavani Nzuri, Lakini Si ya Fungate



Wiki iliyopita alikuja dukani bibi harusi mmoja kwa vipimo vya mwisho. Tukiwa tumepiga magoti tunamshikiza pindo, akatuuliza swali ambalo hatukulitegemea. Mchumba wake anaishi Adelaide, Australia. Nikaha itafungwa hapa Unguja, visa imeshatoka, na wakifika kule bwana hataki mambo ya hoteli. Anataka akodi karavani, wazunguke wiki mbili kwenye miji midogo ya bara, kule nyikani. Mama mtu amekasirika: "Mwanangu wa kwanza alale kwenye gari kama utingo?" Binti mwenyewe ameshaona picha, mchanga mwekundu na nyota tele, na roho yake iko huko.

Alituuliza sisi kwa sababu anajua tulikwenda. Alidhani tutamuunga mkono. Tulimwambia aende, lakini si kwenye fungate. Leo tunaeleza kwa nini, maana mabinti wanaoolewa nje wamekuwa wengi na swali hili litarudi.

Kwanza tuseme haki: safari ile tuliipenda. Kaka yetu anaishi Adelaide na mkewe, na mwaka juzi mwezi wa Julai walituchukua sisi ndugu wawili. Karavani ni chumba chenye magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari. Ndani kuna kitanda, meza inayogeuka kitanda cha pili, jiko la gesi la pleti mbili, friji ndogo, na choo ambacho kisanduku chake lazima mtu akamwage. (Hiyo kazi kaka aliifanya mwenyewe, Allah amlipe.) Tulipita Port Augusta, Quorn, Hawker, mpaka Marree, karibu kilomita 700 kutoka Adelaide. Kisha tukarudi tukashika barabara kuu ya Stuart kwenda Coober Pedy, mji wa wachimba opali ambako watu wengi wamechonga nyumba chini ya ardhi kukimbia joto.

Miji yenyewe ni midogo kuliko unavyofikiri. Mtaa mmoja mpana, hoteli ya zamani yenye baa, kituo cha mafuta kinachouza na mikate, choo cha umma kisafi kuliko vya mahoteli mengine, basi. Mkishamaliza kunyoosha miguu mji umekwisha. Kila penye maegesho ya karavani mnakuta wazee waliostaafu, wenyewe wanaitwa wahamaji wa mvi, wanaozunguka nchi yao miezi na miezi. Walitutazama, tusifiche, wanawake watatu wa mitandio wanahangaika na mpira wa maji. Lakini ndio hao waliokuja kutuonyesha pa kuuchomeka. Mmoja alipoambiwa Zanzibar akasema "Freddie Mercury!" na hapo elimu yake juu yetu ikaishia.

Chakula halali usikitegemee huko. Nyama tuliibeba imegandishwa kutoka Adelaide, na ilipokwisha tukala mayai na samaki wa kopo. Chipsi za njiani mara nyingi hujui mafuta yake yamekaanga nini. Kibla nacho kilitusumbua siku ya kwanza. Kwetu tunaelekea kaskazini, kule ni magharibi kidogo kaskazini, na mkono unakataa kuamini dira.

Marree ndiyo iliyotushika. Katika karne ya 19 waliletwa Australia wachunga ngamia kutoka nchi tunazoziita leo Afghanistan, Pakistan na India. Wote waliitwa Waafghani tu, na treni ya Ghan imepata jina kwao. Kabla ya malori, ngamia wao ndio waliobeba sufu, vyakula na vifaa vya telegrafu kuvuka jangwa. Pale Marree walijenga msikiti wa udongo, miongoni mwa misikiti ya mwanzo kabisa ya nchi ile. Ulio pale leo ni mfano wake, umejengwa kuukumbusha ule wa zamani. Reli iliukata mji vipande viwili: Wazungu upande mmoja, Waafghani na wenyeji weusi wa nchi upande wa pili. Wengi wa wanaume wale walikwenda kwa mikataba ya miaka, bila wake zao. Baadhi walioa huko huko. Tulisali adhuhuri ya kasri pembeni, na mazungumzo yetu jioni ile yakawa juu ya wanawake tu: walioachwa kwao wakingoja, na walioolewa ugenini na mume ambaye ndiye mtu pekee wanayeelewana naye lugha ya dini.

Siku ya pili yake ndipo kaka na wifi walipogombana.

Sababu ndogo, kurudisha karavani nyuma. Ni kazi ngumu, ukikata usukani kulia mkia unakwenda kushoto. Wifi yuko nje anaonyesha kwa mkono, kaka haoni mkono, mara tukasikia kishindo cha nguzo. Kaka alipaza sauti mbele za watu. Wifi akanyamaza, akamtupia kitambaa cha kufutia kioo, akatembea mpaka mwisho wa maegesho. Nusu saa baadaye akarudi, akachukua ufunguo, akairudisha nyuma yeye mwenyewe. Kaka akapika chai. Usiku wakacheka.

Wana miaka kumi na miwili ya ndoa. Wifi ana leseni, ana kadi yake ya benki, anajua hasira ya mumewe inaanzia wapi na inaishia wapi, na ana rafiki zake Adelaide. Sasa mtoe wifi, mweke yule binti wetu. Ana siku tano za ndoa. Mumewe amemjua kwa simu ya video na kikao cha wazee. Haendeshi gari. Kati ya Glendambo na Coober Pedy ni kama kilomita 250 hakuna mji, na ukishauacha mji simu nayo inakata mtandao. Akipaziwa sauti atatembea kwenda wapi? Atampigia nani?

Hatusemi kijana ni mbaya. Tumemuona, ana adabu, na nia yake ni kuokoa pesa na kumpendeza mke. Lakini hata mume mwema anachoka, anapotea njia, anaogopa, na hapo chumba cha hatua nne hakina mlango wa pili. Tuliambiwa na rafiki yetu mmoja kwamba safari ndiyo inayomjulisha mtu, kwa hiyo aende amjue mapema. Kweli inamjulisha. Ila sisi tungependa siku ya kumjua awe na pahala pa kupumulia.

Na kuna jambo mama zetu hawalisemi kwa sauti. Fungate ni siku za kujitengeneza, udi, liwa, na josho la kila mara. Tangi la karavani linakwisha haraka. Bafu la maegesho ni la kushirikiana, na alfajiri ya Julai kule baridi inakaribia sifuri. Tulikuwa tukivuka uwanja na makopo yetu meno yanagongana, na sisi tulikuwa wageni tu, si maharusi. Somo gani atakubali?

Kwa hiyo tulimwambia hivi. Fungate iwe nyumbani kwao Adelaide, hata kama ni chumba kimoja. Akae mwaka, ajifunze gari, awe na kadi na laini yake ya simu, awajue wanawake wawili watatu wa msikitini. Kisha waende, na wasisubiri uzee kama wale wahamaji. Waende wakati wa baridi, si Januari. Wasiendeshe magharibi inapoingia maana kangaruu hutoka barabarani. Wawe na redio ya gari, madereva wa malori husikiliza chaneli 40, na namba ya dharura ni 000. Gari likiharibika wasiliache kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Na njia yao waiandike, wamwachie mtu, siku ya kufika kila mji.

Alisikiliza huku anajitazama kwenye kioo. Akasema atalizungumza na mchumba wake kabla ya nikaha, na hilo ndilo tulilolifurahia kuliko yote. Juzi akatutumia ujumbe: bwana amenuna siku moja, kisha amekubali. Karavani ni mwakani, Julai. Ametuagiza abaya mbili za pamba nzito, mifuko ndani, pindo liwe juu kidogo lisiburure mchanga.